Haujaua Mtu

Nimetengeneza lifti miaka thelathini na moja
katika majengo ya Kurayoshi na Yonago.
Vyuma vyangu hupanda, hushuka,
hakuna anayevitazama.
Labda ndiyo sababu.

Wenzangu wa chama hununua panga za kale.
Jumapili hukaa wakinong'onezana vita na koo,
upanga huu ulipita mfupa wa nani, mwaka gani.
Mimi nilitaka upanga ambao haujaua mtu,
na mhunzi ambaye nikimpigia simu
anapokea huku anatafuna.

Bwana Muneoka anapokea.
Sheria inamruhusu panga ndefu mbili kwa mwezi,
naye haridhiki hata na moja.
Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji;
Muneoka akisifiwa hukunja uso,
huitupa kazi kwenye pipa la vyuma chakavu
akaanza upya.

Nililipa kidogo kidogo, tofali moja moja.
Chizuru, mke wangu, aliandika hesabu
nyuma ya kalenda ya duka la mchele.
"Hapa tungekuwa na gari," alisema,
akashusha kidole mstari mmoja,
"na hapa lingekuwa na magurudumu yote."

Usiku wa kuchovya chuma, mhunzi aliniita.
Novemba, theluji bado ilikuwa inajishauri mlimani.
Alizima taa zote,
kwa maana moto hausemi rangi yake ya kweli mbele ya taa.
Upanga umepakwa udongo, mzito mgongoni,
mwepesi kwenye makali.
Akaungoja ufikie rangi ya mwezi
unapochomoza mwekundu.
Kisha maji.

Chuma kilichoingia kimenyooka kikajipinda chenyewe,
kikatafuta umbo lake gizani.
Halafu: tiki.
Sauti ndogo, kama kucha inayogonga glasi.
Hakuna aliyeuliza. Mwanafunzi alishika ufagio.
Miezi mitano ya makaa, mlango mzima wa gari letu,
na ufa usiozidi punje ya mchele.

"Niuzie hivyo hivyo," nilisema.
Akaulaza juu ya fuawe, akaupiga nyundo mara moja.
"Jina langu sijaliandika hapo.
Basi haujazaliwa."

Wa pili ulikuja mwaka uliofuata.
Mnoaji, bibi Otowa wa Tsuyama, alikaa nao wiki saba,
akishuka jiwe hadi jiwe, mpaka la mwisho,
jembamba kama ganda la kitunguu,
lililofichama chini ya kidole gumba.
Ukingoni mwa makali likatokea wingu.
Si mchoro. Limo ndani ya chuma,
nalo huonekana tu ukiuinamisha upanga
kana kwamba unaukubali.

Nilifuatana na mhunzi kwenda kuuandikisha
ofisi ya elimu ya mkoa. Ndiyo, elimu; usiniulize.
Karani alipima urefu, akapima pindi,
akauliza jina, akagonga muhuri kwenye kadi.
Sisi hatukujaliwa mtoto.
Nilitoka mle natembea polepole,
kama mzazi wa darasa la kwanza.

Sasa kila mwezi nabana karatasi laini midomoni
nisiupumulie,
nafuta mafuta ya zamani, napaka mapya ya karafuu.
Chizuru husimama mlangoni, mikono ina povu la vyombo.
Habari za gari zilikwisha.
Jana aliuliza: "Lile wingu,
mwezi uliopita lilikuwa refu hivyo?"
Nilisema lilikuwa.
Akasema, "Hapana," akarudi jikoni.

Mwisho nachomoa mpini.
Shina la upanga halinolewi wala halipakwi kitu;
hapo ndipo palipo na jina na tarehe.
Kwenye panga za wenzangu shina ni jeusi,
nao husoma karne katika kutu.
Kwenye huu bado ni la kijivu,
lina mikwaruzo ya tupa, linang'aa kwa aibu.
Weusi ule huchukua miaka mia tatu.
Mimi nimebakiwa na ishirini, nikijitahidi.

Narudisha mpini.
Tumeanza.